Hong Kong Sevens: ilianza na timu 12, leo ni timu 12. Mnashangilia nini?

Wadau, mniwie radhi, leo nimekuja na hasira zangu.

Kila Hong Kong Sevens, yale mashindano ya raga ya wachezaji saba kila upande, ikikaribia, watu hapa wanajaza picha za mashabiki wa jukwaa la kusini waliovaa kama ndizi, eti "historia hiyo". Historia gani? Nani kati yenu amewahi kuhesabu timu?

Haya, tuhesabu pamoja. Machi 1976, Tokkie Smith wa chama cha raga cha pale na Ian Gow wa kampuni ya sigara ya Rothmans walialika timu 12. Cantabrians wa New Zealand wakabeba kombe, mwaka uliofuata Fiji wakalichukua. Lakini utamu haukuwa kombe. Utamu ni kwamba Sri Lanka, Korea, Tonga, watu ambao wakubwa wa raga huko Ulaya hawakuwa na habari nao, walialikwa tangu siku ya kwanza! Mlango ukazidi kupanuka hadi timu 24. Mwaka 1994 kijana wa miaka 18 anayeitwa Jonah Lomu, aliyekuja kuwa nyota wa raga wa New Zealand, alijitambulisha pale. Kombe la Dunia la raga ya wachezaji saba la 1997 likachezwa hukohuko, Fiji ya Waisale Serevi ikawalaza Afrika Kusini 24-21 kwenye fainali.

Na kuanzia 2012 ndipo mambo yalinoga kabisa. Timu za ligi ya dunia zinacheza, na kando yao, uwanja uleule, wadogo wanapigania kupanda daraja. Hispania, Japani, Urusi, wote walipita hapo. Ireland walipita 2019. Mlango huo haupo tena Hong Kong, na timu za wanaume zimerudi 12. Karibu miaka 50 ya kukua, halafu tumerudi pale Tokkie Smith alipoanzia! Tena wamehamia Kai Tak, uwanja mpya wa watu 50,000 mahali palipokuwa uwanja wa ndege. Viti vimeongezeka, wachezaji wamepungua.

Najua mtu atakuja na "gharama, ndugu, gharama". Basi gharama ipunguzwe kwa kukata safari na vituo vya ligi. Kwa nini anayekatwa kila mara ni mdogo?

Aprili 2018 mimi na shemeji yangu tuliamka saa kumi alfajiri kuwatazama Shujaa, timu yetu ya Kenya, huko Hong Kong. Tuliwatoa New Zealand nusu fainali, nikapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Fainali Fiji wakatutandika 24-12, sawa, Fiji ni Fiji. Miaka mitano baadaye, London, msimu uleule ligi ilipokuwa inapunguzwa kutoka timu 16 hadi 12, Kanada wakatufunga 12-7, tukashuka. Tulicheza vibaya, sibishi. Tukapanda tena Madrid 2024 kwa kuwafunga Ujerumani. Ila msiniambie kushuka kwa sababu umefungwa ni sawasawa na kushuka kwa sababu mwenye nyumba ameondoa viti mezani. Hayo ni mambo mawili.

Waganda mliomo humu, nyinyi mlicheza mchujo ule wa Hong Kong 2018, mbele ya umati uleule uliomtazama Fiji. Waambieni hawa wa picha za ndizi ulikuwaje.