Naomba ushauri: kupima irabu "w" na toni za Kikokborok

Habari zenu wanajamvi, shikamooni wakubwa. Nachambua rekodi za Kikokborok, lugha ya Tripura, kaskazini-mashariki mwa India, ndugu wa Kibodo na Kigaro. Ina irabu sita: tano kama zetu, na ya sita inayoandikwa "w", ya juu (ulimi ukiwa juu kinywani), midomo bila kuviringwa.

Hiyo ndiyo inayonikwamisha. Natarajia fomanti (masafa ambayo sauti huvuma kwa nguvu kinywani) ya pili ya "w" iwe juu kuliko ya "u", lakini kwa wasemaji wa kike Praat, programu ya kuchambua sauti, inaunganisha fomanti mbili za kwanza za "u" kuwa moja, kwa hiyo siwezi kulinganisha. Nimeshusha kikomo cha juu cha masafa ambamo programu inatafuta fomanti kutoka 5500 Hz hadi 5000 Hz: "u" ikatulia, "i" ikaharibika.

Je, inakubalika kuweka kikomo tofauti kwa kila irabu, au itaonekana nachagua majibu niyatakayo?

Pili, toni (kiwango cha sauti kinachotofautisha maana za maneno) ni mbili, ya juu na ya chini. Kwenye rekodi zangu, baada ya "ph", "th" na "kh" (yaani p, t na k zenye mpumuo) sauti inaanza juu hata penye toni ya chini. Nipime katikati ya irabu tu, au mkondo wote wa toni?