Maji yanatuama njiani Jozani, tumwage kifusi?

Mpendamiti: Assalaam alaykum. Kikundi chetu cha kujitolea tumepewa mita 200 za njia ya miguu katika msitu wa Jozani, Unguja, tuzitengeneze kabla ya masika. Maji yanatuama katikati, wageni wanapita pembeni, njia inazidi kupanuka. Tumwage kifusi?

Chepe: Waalaykum salaam. Kifusi bado. Maji yakikosa pa kutokea, kitageuka tope. Ondoeni kwanza tuta la udongo na majani upande wa chini, kisha inamisheni njia huko, sentimita 5 kwa kila mita ya upana. Mtaro ukate njia kwa mshazari. Ukiikata njia kwa pembe mraba, maji hupungua kasi, mchanga unatulia ndani na kuuziba.

Bi Mikoko: Chepe kasema kweli, ila Jozani kuna pahala maji yanapanda kutoka chini. Hapo mtaro hausaidii, inueni njia kwa mawe. Na mizizi msiikate jamani, ndiyo inayoshika udongo! Upande wa mikoko, kwenye njia ya mbao, mbao ziachiane sentimita 1, na skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Misumari ya kawaida huliwa na chumvi.

Mpendamiti: Nitajuaje maji ya chini?

Chepe: Chimba shimo la nusu mita siku kavu. Likijaa lenyewe, ndiyo hayo.