Mliowahi kupanda daraja la biashara kwa maili, tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Maili nazosema ni zile pointi za mashirika ya ndege unazolipia tiketi. Naanza mimi, niko Maryland.

Mwezi wa tatu nilimleta mama kutoka Dar aje anisaidie na mtoto. Ana miaka 71, na safari iliyopita alikaa kule nyuma, daraja la kawaida, akatua miguu imevimba hata viatu havimwingii. Alitoka na soksi tupu. Sikutaka kuliona tena jambo lile.

Pointi zangu za kadi ya benki nikazihamishia Aeroplan, mpango wa maili wa Air Canada, nikasaka siti za Ethiopian, maana wote wako Star Alliance, umoja wa mashirika ya ndege, na maili za mmoja hulipia siti ya mwenzake. Aeroplan haikubandiki tozo ya mafuta ukipanda ndege ya mshirika: nililipa kodi za viwanja na ada ya dola 39 za Kanada, basi. Hapo muwe macho sana. Kuna tiketi inaitwa ya maili, ukifika kulipa unakuta tozo inakaribia nusu ya nauli.

Siti yenyewe niliiwinda wiki tano, kila alfajiri kabla ya kazi. Niliipata nilipokubali kusogeza tarehe siku nne.

Addis iko juu, zaidi ya mita 2,300, na hewa yake nyepesi. Ndege nzito haiwezi kuruka pale na mafuta ya kuifikisha Washington, kwa hiyo hutua njiani kuongeza. Mama aliamka ilipotua, akajifunga kilemba vizuri akijua amefika. Mhudumu akamwambia bado, akamrudishia blanketi. Alipotokea Dulles, uwanja wa Washington, nilimtazama miguuni kwanza. Viatu viko ndani. "Nimelala ubavu, mwanangu, kama kwangu."

Karibuni.

Mdau wa Mombasa: Hongera dada, na mama tumpe pole ya safari. Mimi nilitumia maili kupandishwa daraja, Nairobi hadi New York na Kenya Airways, saa kama 15 bila kutua. Siti za mbele ni 30, zimepangwa mbilimbili na zinalala kabisa. Chagua ya ujiani. Ya dirishani itabidi umruke jirani usiku.

Mdau wa Muscat: Angalieni majina! Pasi yangu ina majina manne, akaunti ya maili niliifungua kwa mawili. Safari tatu hazikuingia. Shirika silitaji, lakini barua pepe nilizoandika sina hesabu. Kilichoniokoa ni vipande vya kupandia ndege, nilikuwa nimevibana ndani ya msahafu mdogo wa safarini. Nikavipiga picha, nikatuma na namba za tiketi, zikaingia zote. Usitupe kile kikaratasi mpaka uone maili kwa macho yako.

Mdau wa Dallas: Doha hadi hapa, Qsuite, kijichumba cha daraja la biashara cha Qatar, kwa Avios, ndiyo maili zao. Ina mlango. Nilifunga nikaswali kwa utulivu, halafu nikalala kwa muda wa saa nane.

Mwanzisha mada: Shukrani, hilo la majina nakwenda kulikagua sasa hivi. Mama anarudi mwezi wa nane. Dulles haiko juu kama Addis, kwa hiyo kurudi inakwenda Addis moja kwa moja, ila siti ya mbele bado sijaiona. Aliyewahi kuipata msimu wa shule kufungwa, aliiona imebaki muda gani kabla ya safari?