Gombe au Mahale mwezi wa nane?

Mzururaji: Wakuu, nina likizo mwezi wa nane na nataka kuona sokwe kwenye hifadhi za Ziwa Tanganyika. Gombe au Mahale? Nataka kulipia wiki hii.

Mama Mbili: Siku ngapi? Mko wangapi? Kuna watoto? Bila hayo tutapiga ramli tu.

Mwana_Ujiji: Gombe! Kutoka Kigoma mjini ni kama kilomita 16 kwa boti. Asubuhi msituni, mchana maporomoko ya Kakombe, jioni umerudi kula samaki wetu, mgebuka. Ndiko alikofikia Jane Goodall mwaka 1960.

Kasia: Gombe ni kama kilomita za mraba 50 tu. Mahale inapita 1,600, na Mlima Nkungwe una mita 2,462. Huo ndio msitu.

Mama Mbili: Na njiani je? Nilikwenda Mahale kwa boti ya kukodi. Saa nane mchana injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Nahodha akachomoa plagi, akaifuta kwa kanga yangu, hata kuniomba hakuniomba. Kusi imeshaamka, boti imekaa ubavu kwa wimbi, watu sita tunagombania ndoo moja ya kutapikia. Giza likaingia, tukaziona karabai za wavuvi wa dagaa, ndio waliotuvuta. Asubuhi nakohoa, mhifadhi akanizuia kupanda, maana mafua yetu yanaua sokwe. Alikuwa sahihi, lakini nililia. Wenzangu wamepanda, mimi nahesabu mawimbi.

Kasia: Pole dada. Ila hiyo ni boti mbovu, Mahale haina kosa.

Msukuma_Halisi: Mbona Rubondo mnairuka? Kisiwa kizima ni hifadhi, Ziwa Victoria, sokwe wapo.

Mwana_Ujiji: Wale wazee wao waliletwa kutoka Ulaya miaka ya 1960. Wageni hao.

Msukuma_Halisi: Wamezaana pale miaka yote hiyo, bado unawadai kitambulisho?

Mzururaji: Samahani, nilikuwa kazini. Tuko wanne, siku tatu, mdogo ana miaka saba.

Mama Mbili: Saba! Si ungesema mapema? Watoto wadogo hawaruhusiwi kufuatana na sokwe, kote kuwili.

Kasia: Na siku tatu kwa Mahale ni kwenda na kurudi tu.

Mzururaji: Basi mdogo abaki kwa bibi yake. Au nisubiri akue?

Msukuma_Halisi: Mwana_Ujiji, huo mgebuka ni wa kuchoma au wa mchuzi?

Mwana_Ujiji: Wa kuchoma, mzee, na ndimu. Mchuzi tunawaachia nyie wa sato.