Mjadala: Walimu wa zamani wa sekondari, ubora wao ulitoka Makerere?

Mleta mada (Lamu): Wazee wa baraza la Mkunguni wameshakata shauri: sekondari zimeharibika kwa kuwa wao walisomeshwa na watu wa Makerere, na sisi twasomeshewa watoto na "digrii za juzijuzi." Nawaheshimu, ila hapa siwafuati.

Makerere ilikuwa na uzito wake. Miaka ya 1950 wahitimu wake walitunukiwa shahada za London, na 1963 ikaungana na Nairobi na Dar es Salaam kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Lakini hao wote walifika Lamu? Aliyemsomesha babangu Kiingereza alikuwa S1 (ngazi ya ualimu wa sekondari iliyo chini ya digrii) wa Chuo cha Kenyatta, digrii hana. Daftari lipo nyumbani: insha ya kurasa mbili, wino mwekundu kila mstari, hadi koma iliyokaa vibaya imezungushiwa duara, na chini, "Andika upya." Insha inayofuata ni ileile, imeandikwa upya. Nani leo ana nafasi ya kusahihisha hivyo, darasa limefurika hadi mlangoni?

Tena kuanzia 1961 walikuja vijana wa Kimarekani na Waingereza. Baadhi walikuwa na digrii zao lakini ualimu hawajausomea, wakapelekwa kwanza Makerere kuchukua diploma ya elimu. Nao ni "watu wa Makerere," au vipi?

Nisemavyo mimi, wanafunzi walichujwa. Nafasi za sekondari zilikuwa haba, aliyeingia alikuwa ameshaiva.

Mwalimu mstaafu (Malindi): Kijana wangu, usiifanye digrii mzaha. Nimefundisha fizikia kidato cha sita. Pale mwanafunzi akikuuliza swali la pili, ujanja wa diploma unakwisha. Na mshahara je? Mhitimu wa wakati ule alipewa heshima yake, hakuwa na haja ya kukimbilia tuisheni jioni.

Mchangiaji (Lamu): Mbona shule za harambee, zile wananchi walizojichangia wenyewe, hamzitaji? Huko wengi walifundishwa na vijana waliomaliza kidato cha nne au cha sita, mafunzo hawana kabisa. Hao barazani hawakumbukwi.

Mleta mada: Shikamoo mwalimu. Kwa kidato cha sita nakubali, fizikia haina huruma. Lakini kidato cha tano na cha sita viliondolewa na mfumo wa elimu wa 8-4-4, na wazee wa Mkunguni wengi wao waliishia cha nne. Huko chini bado nasema mwenye S1 alitosha. Nani mwingine ana daftari la zamani atuonyeshe?