Tupeane uzoefu: bei uliyoisikia na bei uliyoishika mkononi

Wakuu, habari za mashamba. Naanzisha uzi huu nikiwa bado na maumivu. Wiki nzima nilifuatilia bei ya mahindi kwenye taarifa za soko, nikapiga hesabu, nikakodi gari. Nilipofika ghalani, mnunuzi akachomeka kipima unyevu: 20%. Wao wanataka 13%. Kila tani niliyopeleka ikahesabiwa kama kilo 920 hivi, maana zilizobaki ni maji, kisha nikakatwa na gharama ya kukausha. Hakuna aliyeniibia. Bei niliyoisikia ilikuwa ya mahindi makavu, na yangu hayakuwa makavu. Wewe ulikatwa wapi? Leta kisa chako, na namba kama unazikumbuka.

Mama Ghala: Pole sana ndugu yangu. Mimi yalinikuta hayo misimu miwili mfululizo kabla sijafundishwa kutumia chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, weka punje na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi 15%, usipakie. Isipoganda usikimbilie gari pia, kwa sababu kati ya 13 na 15 chumvi haikuambii kitu. Hapo mimi huanika tena siku moja au mbili, nikiwa nimetandika turubai, kamwe si juu ya udongo.

Zizi Kubwa: Mimi ni wa ng'ombe, na kwetu kinachotuumiza ni jicho. Miaka mingi mnunuzi alikuwa anamtazama mnyama, anataja uzito, nami nakubali kwa sababu sikuwa na namba yangu ya kumjibu. Siku hizi napima kwa kamba. Mzunguko wa kifua kwa sentimita, uzidishe wenyewe kwa wenyewe, kisha uzidishe kwa urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa makalio, gawanya kwa 10,840. Dume mwenye kifua cha 160 na urefu wa 130 anakuja kilo 307 hivi. Ni makadirio, mizani inaweza kukupinga, lakini siku ya kwanza kuitaja namba hiyo mbele ya dalali, mazungumzo yalibadilika kabisa.

La pili ni safari. Ng'ombe akishinda kwenye lori bila maji wala malisho, tumbo linajimaliza. Akipungua 5% tu, wa kilo 400 ameshaacha kilo 20 njiani. Kwa hiyo kabla ya bei nauliza kwanza: tunapima zizini au baada ya kushusha?

Mwana Ngano: Yangu ni ya mwaka 2022. Urusi ilipoivamia Ukraine mwezi Februari, bei ya ngano kwenye soko la Chicago ilipaa, na kufika Machi ilikuwa juu kuliko nilivyowahi kuona. Nilikuwa na akiba ghalani. Nikasema ngoja ipande tena. Kufika Julai, wakati makubaliano ya kupitisha nafaka Bahari Nyeusi yanasainiwa, bei ilikuwa imerudi karibu na pale ilipokuwa kabla ya vita. Mbolea na mafuta havikurudi nayo. Tangu hapo nagawa mavuno mafungu matatu: moja nauza mapema kulipa madeni, moja katikati, na la mwisho ndilo ninalolisubirisha. Na jamani, bei ya Chicago ni ya mkataba wa mwezi fulani wa mbele. Toa usafiri na ubora ndipo uone yako.

Mkulima Chipukizi: Zizi Kubwa, nikiwanywesha maji mengi kabla ya mizani si nitafidia?

Zizi Kubwa: Hapana mdogo wangu. Wanunuzi wazoefu wanalijua hilo, wanakata asilimia yao kabla hujafungua mdomo, na jina lako linaharibika.

Mwanzisha uzi: Asanteni sana. Mama Ghala, chupa nimeshaiosha, ipo juani inakauka. Zizi Kubwa, nina ndama wawili wa kuuza: kamba naipitisha mbele ya nundu au nyuma?

Zizi Kubwa: Nyuma ya nundu, karibu kabisa na miguu ya mbele. Asimame sawa, kichwa juu. Kamba iguse ngozi bila kuibana. Pima mara tatu, chukua ya katikati.