Mrejesho: Tangazo la vitumbua katika kundi la msiba

Wiki mbili zilizopita niliwaomba ushauri baada ya kutuma tangazo la vitumbua vyangu katika kundi la WhatsApp la msiba wa jirani, lililofunguliwa kwa ajili ya michango na taarifa za mazishi tu, nikaondolewa na msimamizi bila neno. Kosa lilitokana na haraka: WhatsApp humruhusu mtu kusambaza ujumbe kwa mazungumzo 5 kwa mara moja, nami niligusa matano ya juu bila kusoma majina.

Wengi mlinishauri nisijitetee kwa maandishi, bali niende mwenyewe. Jumamosi jioni nilikwenda, nikatoa rambirambi yangu mkononi na kumwomba radhi mama mfiwa, ambaye alinieleza kwa upole (afadhali angenifokea) kwamba sinia langu la vitumbua lilitokea chini kabisa ya picha ya marehemu. Nilikosa la kusema.

Msimamizi amenirudisha, na pembeni amefungua kundi la biashara za mtaa, ambako oda yangu ya kwanza, vitumbua 40, imetoka kwake.